Mawese Yako Ng'ambo

Jumatatu, 18 Novemba 1996
Daktari kanipima mara ya pili, akaacha utani. Presha imepanda. Kaka yangu Oswald alianguka kwenye kiti cha ofisi, hakuamka, na yeye aliambiwa hivi hivi. Nimeogopa, sikatai. Amri: nikimbie kila alfajiri, nile vya nyumbani vya kuchemsha. Mawese marufuku! Melania, mke wangu, keshagawa dumu letu lote hapa Gungu. Jirani Pastory, mwalimu mwenye filimbi shingoni, kaomba tukimbie wote. Nimekataa. Nina mpango. Ufukweni Ujiji kuna mtumbwi uliokuja kutoka Zaire bila mtu ndani. Sufuria ilikuwemo, na ugali, wanasema, ulikuwa bado na joto. Wenyeji hawausogelei, chombo cha mkimbizi humsubiri mwenyewe. Ushirikina! Mimi Mpare wa Same nimeona jiko.

Jumanne, 19 Novemba
Nimetembea hadi Ujiji kwa raha zangu. Dumu jipya la mawese, samaki wawili wa ziwa hili, migebuka, moto nyuma ya mtumbwi. Nimekula hadi macho yamelegea. Nikajimwagia maji ya ziwa, shati lilowe kama jasho. Melania kanisifu mbele ya Pastory. Ndizi zake za kuchemsha nimezikataa, nikasema mbio zinashibisha. Akili ni mali!

Alhamisi, 21 Novemba
Sijui niandikeje. Nimekuta moto umeshawashwa. Sufuria yangu inachemka: mgebuka chukuchuku bila tone la mafuta, ndimu, mboga ya lengalenga. Mawese yamemwagwa mchangani, mstari mwembamba mpaka majini. Nyayo hakuna, ila zangu. Nikapiga hodi, mjinga mimi. Sauti ya mama mmoja ikaitika toka mtumbwini, Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa, ikanikaribisha nile kabla hakijapoa. Ikanitaja na jina, Elinipa. Nikachungulia. Hamna mtu! Nimekimbia Ujiji hadi Gungu bila kupumzika. Nimempita Pastory, naye anapuliza filimbi kunishangilia.

Ijumaa, 22 Novemba
Nimekataa kutoka kitandani. Melania akanivuta miguu. Nimwambie nini? Nikitaja mzimu nitataja na mawese. Nikaenda kuchukua dumu langu tu. Yule mama wa mtumbwini akanilaumu kwamba chakula cha jana kililala. Nikakaa, nikala. Kitamu, tatizo ni hilo. Kaeleza kwamba mafuta kawapelekea wanawe, waliotangulia majini siku ya dhoruba, na kwamba mtumbwini imebaki nafasi moja. Nilimhurumia. Kisha mtumbwi ukajivuta kuelekea ziwani, na ziwa lenyewe limetulia tuli. Mbio tena.

Jumamosi, 23 Novemba
Presha imeshuka! Daktari kanipa mkono. Pastory kashuhudia kwamba nilimpita kama lori lisilo na breki. Melania kalia kwa furaha, kasema tangu Oswald afe alikuwa halali, anasikiliza kama napumua. Nimeona aibu. Ikapita.

Jumapili, 24 Novemba
Baada ya ibada nimekwenda Ujiji bila kutumwa. Presha ikishuka, mawese kidogo yana ubaya gani? Nikamdai yule mama mafuta yangu. Kajibu kwa upole kwamba yako ng'ambo, wanawe wanayatunza, kesho wanakaanga migebuka. Nikauliza kama huko watu wanakimbia alfajiri. Hata mmoja! Na presha je? Kacheka kidogo, kasema huko haijawahi kumpanda mtu. Hao sasa ndio watu wenye akili. Mtumbwi nusu yake umeshaingia majini. Kaniomba nisichelewe.

Jumatatu, 25 Novemba, alfajiri
Nimemwambia Melania leo mbio ni ndefu. Kauliza nitarudi saa ngapi, ndizi ziko motoni. Nimesema asiningoje. Pastory namsikia barabarani na filimbi yake, maskini, atakimbia hadi uzeeni. Raba nimeziacha mlangoni, sizihitaji. Nimechukua chumvi tu, isije ikawa huko wameishiwa.