Nyumba Kuukuu ya Rayners Lane

Jumamosi, 4 Oktoba

Tumeipata! Nyumba kuukuu Rayners Lane, bei ya chini kuliko zote tulizoona mwaka huu. Na inaonekana kwa nini: madirisha ya mbao yaliyovimba, boila ya kuchemshia maji inayokohoa, bafu la rangi ya waridi. Serah, mke wangu, aliingia jikoni akaweka kiganja ukutani kama anayempima mtoto homa. Kisha akaona bustani. Basi! Machozi. Miaka yote tumekaa ghorofa ya tisa Tottenham, lifti ikifa kila mara, nguo tukianika juu ya kitanda cha binti yetu Natasha.

Nikamwonya kwa Kiswahili, tena kwa sauti ya kawaida: akunje uso. Muuzaji akiona tumependa, bei haishuki ng'o. Mwenye nyumba, mjane wa Kihindi aitwaye Mama Pramila, alikuwa amesimama palepale na sinia la chai. Nikaendelea. Nikasema nyumba inanuka, na kizee chenyewe kimechoka kama mapazia yake, tukikibana kidogo kitalegea. Kisha nikamgeukia, nikaisifu chai kwa Kiingereza safi. Akatabasamu. Mama mwema sana.

Langoni, balaa! Hillary wa kanisani kwetu, na mkewe, wanasubiri zamu yao ya kuiona. Tepu ya kupimia mkononi! Mtu hajaingia, anapima.

Jumapili, 5 Oktoba

Nilimvizia Hillary baada ya ibada, karibu na birika la chai. Nikamwambia kama ndugu katika Bwana: panya chini ya sakafu. Wakubwa. Paa linavuja. Jirani anapiga tarumbeta alfajiri. Hillary aliacha keki yake nusu. Akanishukuru! Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nilijisikia vibaya kwa muda wote niliokuwa nikiila ile nusu.

Jumatatu, 6 Oktoba

Sikutarajia hili. Serah na mke wa Hillary ni wauguzi wodi moja. Nilijua. Sikufikiria tu. Serah amerudi kutoka kazini, ameketi na koti lake mwilini, anasema hatalala juu ya panya hata nyumba itolewe bure. Nikasema huo ni uvumi. Akauliza uvumi wa nani.

Nikaenda kuosha vyombo. Natasha, anayeelewa kila neno la Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza, akasema kutoka kitandani kwamba baba akiosha vyombo, kuna jambo. Mtoto huyu atakuwa polisi.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimekiri. Nusu. Nilisema huenda nilitia chumvi kidogo kwenye habari za panya. Nikamwomba Serah twende akajionee mwenyewe. Hakunisemesha kuanzia Seven Sisters mpaka Rayners Lane, pamoja na kubadilisha treni.

Mama Pramila alifungua mlango. Akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu, "Karibuni. Kizee kimechoka, lakini mlango bado kinaweza kufungua."

Kisumu! Amezaliwa Kisumu, amesoma Kisumu, ameolewa Kisumu! Nilitafuta pa kutazama. Nikatazama mapazia. Kosa lingine.

Serah akamshika mikono. "Mama, tusamehe. Huyu ni wangu, na aibu yake ni yangu."

Mama Pramila akamwambia aibu nibaki nayo mimi, yeye aje jikoni. Wakafunga mlango. Nikabaki kwenye korido kati ya makoti. Nikawasikia wakicheka. Kisha mmoja analia, sikujua yupi.

Njiani Serah alinieleza. Kuta za jikoni alizipaka rangi marehemu mume wa Mama Pramila kwa mkono wake. Wote waliokuja kuiona nyumba walijadili namna ya kulibomoa jiko hilo. Serah peke yake ndiye aliyeugusa ukuta. Kwa hiyo siku ile ile, na sinia mkononi, Mama Pramila alikuwa ameshaamua kutupunguzia bei. Kisha mimi nikafungua mdomo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Ajenti wa nyumba amepiga simu. Kwa Serah, si kwangu. Tumekubaliwa! Mama Pramila anahamia Stanmore kwa mwanawe na anataka nyumba ibaki mikononi mwa Serah. Bei kamili, haipungui hata peni. Natasha aliruka kitandani mpaka jirani wa chini akagonga dari. Serah alinikumbatia, kisha akakumbuka, akaniachia. Ana sharti: Jumapili nimwambie Hillary ukweli, mkewe akisikia.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimemwambia. Hillary alinitazama mpaka nikaanza kujikuna. Kisha akasema amenisamehe, maana wamepata nyingine Harrow wanayoifikiria. Kuukuu pia, lakini bei iko chini ya yetu. Na ina gereji! Gereji! Hillary hata gari hana!

Nimeshapiga simu. Tunaiona Jumanne. Ya Rayners Lane bado hatujatia sahihi, na kutazama si dhambi. Serah nitamwambia tunakwenda kununua rangi.

Mwenye nyumba ni mzee Rakesh. Hillary anasema alikulia Machakos, kwetu Ukambani kabisa, dukani kwa baba yake, na wateja wote wa kule aliwahudumia yeye. Vizuri! Tutakuwa na la kuzungumza. Lakini somo nimelipata, sirudii kosa: mbele ya mzee huyo, Kiswahili marufuku. Mambo ya bei nitamnong'oneza Serah kwa Kikamba.