Mwalimu wa Kuachia Vitu

Mtaani walimwita Sukari Guru. Kazi hakuwa nayo, ila mdomo alijaliwa. Siku aliyomkuta fundi cherehani akigombana na dada zake juu ya friji la marehemu mama yao, alikuwa ametoka kuokota kijitabu cha maneno ya Kibudha. Akasimama mlangoni, akafumba macho.

"Dada, hiyo inaitwa duhkha. Mateso. Chanzo chake ni trishna, kiu ya kutaka vitu."

"Dawa yake?"

"Dana. Kutoa bila kinyongo. Friji likiondoka, mtagombania nini?"

Maneno ni ya kweli, jamani, watu wazito wameyatafakari karne na karne. Ubaya ulikuwa ule mkokoteni aliokwenda kuazima mbio.

Friji likaenda. Wiki ya pili kochi, ya tatu televisheni. Kila kitu kikitoka, fundi alifungua daftari la vipimo akaandika neno jipya kando ya viuno vya wateja.

"Na anitya, mwalimu?"

"Hakuna kinachodumu."

"Hata kwako?"

"Hata kwangu," akajibu, huku akicheka kimoyomoyo. Alikuwa amealikwa aje Jumamosi kufundisha chama kizima cha mafundi, wanawake arobaini, na kila mmoja ana jiko la gesi. Furaha ilimnyima usingizi.

Ijumaa asubuhi fundi akatua kwake na lori, na wale arobaini nyuma.

"Mwalimu, tumekuonea huruma. Umebeba trishna za watu peke yako, utavunjika mgongo. Tumekuja kukutua."

Likatoka friji, kochi, televisheni. Kisha kitanda chake mwenyewe, godoro, na redio aliyoinunua kwa jasho, mara moja tu maishani.

Sukari Guru akapiga hesabu. Akipiga kelele za mwizi, arobaini hawa watajua yeye ni nani, na mjini hapa hatakula tena. Akinyamaza, analala sakafuni.

"Redio ni yangu, dada!" ikamponyoka.

Wanawake wakaguna kwa masikitiko. Fundi akafungua daftari.

"Mmesikia? 'Yangu.' Hiyo ndiyo upadana, kung'ang'ania. Masikini, mwalimu ni mgonjwa kuliko sisi!" Akamshika bega kwa upole. "Usijali, kaka. Kesho darasa nafundisha mimi. Njoo ukae mbele kabisa."

"Asante, dada."

"Kiingilio ni dana." Akamtazama kuanzia kichwani, akateremka taratibu mpaka miguuni. "Unaweza kulipa sasa hivi."

Sukari Guru akainama, akavua viatu.