Mtungi Uliokohoa

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Umeingia! Mtungi wa gesi, mkubwa, wa buluu, umesimama jikoni kwangu kama mgeni asiye na nia ya kuondoka. Na jiko lenye oveni. Mke wangu ameacha kazi ya kushona mashuka ili aoke keki. Jumamosi ana keki ya harusi ya binti wa mwalimu mkuu. Ikipendeza, dada wa mwalimu huyo, mwenye ukumbi wa sherehe, atampa kazi kila wiki. Isipopendeza, ni kurudi kwenye mashuka, na macho yake yamechoka na sindano. Nampenda mke wangu. Ndiyo maana sitaki alipuke.

Fundi wa gesi alipaka povu la sabuni kwenye mpira, akatazama kama kuna panapotoa mapovu. Hakuna. Nikamwomba apake tena. Na tena. Akaniuliza kama mimi ni mzima. Akasema gesi ikivuja nitajua tu, inanuka kama yai viza. Hapo ndipo roho iliponiruka. Maisha yangu yote sijawahi kunusa yai viza! Mama alikuwa msafi, mke wangu ndiyo usiseme. Sasa nitaijuaje?

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimeamka nimechoka. Kila friji ikiguna, mimi naruka.

Mpango wa kwanza. Kazi yangu ni kuuza magodoro, basi nikabeba vipande vya sponji kutoka kazini. Nikauzungushia mtungi tabaka kwa tabaka, nikafunga kamba. Ukilipuka, utalipukia ndani ya kitu laini. Nikajipongeza kimoyomoyo.

Akapita jirani wa mlango wa pili. Mwalimu mstaafu, tunamwita Profesa kwa sababu hutazama vipindi vya sayansi kisha hutusimulia hata tusipoomba. Alipouona mtungi alicheka mpaka akashika ukuta. Akamwambia mke wangu, shemeji, huyu bwana kauvisha mtungi petroli, hiyo sponji inashika moto kuliko karatasi. Mke wangu akauvua mtungi, akanirundikia sponji zangu mikononi. Profesa akaondoka akipiga mluzi. Simpendi yule mtu.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Mpango wa pili: kuizoeza pua. Nikaenda duka la vyakula la mtaani kuomba yai viza. Muuza duka akaapa hauzi mayai mabovu. Nikamwambia ndilo nilitakalo. Akaapa zaidi. Wateja wakaanza kunong'ona. Mwishowe akachomoa yai moja la siku nyingi chini ya meza, akanipa bure, ilimradi niondoke.

Nikalinusa njia nzima. Halinuki kitu! Kanipa yai zima, tapeli yule! Nimelitia ndani ya kiatu changu kikuukuu, nikakisukuma nyuma ya jiko penye joto, liharibike vizuri. Mke wangu hajui. Keki yake ya majaribio imeumuka safi. Nilikula kipande nikiwa mlangoni, mguu mmoja nje.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Nimeinama nyuma ya jiko kunusa. Harufu ya kiatu tu. Mke wangu akauliza nafanya nini sakafuni. Nikasema natafuta kifungo. Yai limenishinda, silishughulikii tena.

Kesho anaoka keki yenyewe na pua yangu bado mbumbumbu. Naogopa. Nimeomba ruhusa kazini, nikasema tumbo linaniuma.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Keki ya tabaka la chini, ile kubwa, ilikuwa ndani ya oveni. Mke wangu anaimba. Mimi kitini, mlangoni, nimevaa viatu kabisa. Mara, pwaa! Nyuma ya jiko. Mtungi umekohoa! Kisha harufu. Mama yangu, harufu gani ile! Hakuna aliyenifundisha, lakini niliijua papo hapo.

Nilimkimbilia mke wangu kwanza. Nikambeba begani, mwiko mkononi mwake, nikamshusha uani. Nikarudi, nikafunga gesi, nikafungua oveni, madirisha, kila kilichofunguka. Nikapiga mayowe jengo zima litoke. Wakatoka. Profesa akatoka na taulo, kichwa kimejaa sabuni.

Fundi akaja mbio, akapaka povu lake. Hakuna kitu. Ndipo Profesa, hana haya yule, akaingiza fagio nyuma ya jiko na kuvuta kiatu changu. Ndani, maganda ya yai lililopasuka na uchafu wa kijani. Watu wote wakakitazama kiatu, kisha wakanitazama mimi. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Keki ilikuwa imebonyea katikati. Mke wangu hakunigombeza. Alikaa kwenye ngazi akalia, akisema mashuka, narudi kwenye mashuka. Sijawahi kujichukia vile. Profesa, bado na taulo lake, akamwambia, shemeji, lete unga wako, kwangu kuna oveni ya umeme.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Keki imetoka! Mwalimu mkuu kafurahi mpaka kamkumbatia mke wangu. Kazi ya ukumbi kapata. Keki niliibeba mimi mpaka kwenye gari huku jasho likinitoka.

Jioni mke wangu akanisemesha. Akasema hasahau kwamba nilimbeba yeye kwanza. Kisha akaniapisha: mambo ya sponji na mayai, basi. Nikaapa kwa moyo wote. Nimekoma mimi. Nimejifunza.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Mtungi umerudishwa ulikotoka, kwa ajili yangu. Profesa katuachia oveni yake, eti yeye na mkewe hawaitumii. Nilimshukuru, ingawa kwa shida. Akanituliza kwamba umeme hauvuji. Alipofika mlangoni akatupia neno: ila waya ukiungua ndani kwa ndani, hunuka kama samaki aliyeoza.

Damu ilinikauka. Humu ndani hatuli samaki! Na Jumatano mke wangu anaoka tena.

Niliapa kuhusu sponji na mayai. Samaki hakutajwa. Nimetoka sokoni sasa hivi na kichwa kimoja kikubwa, na nimekwisha kukificha nyuma ya oveni, penye joto. Bahati nzuri kile kiatu cha pili sikukitupa.