Ombi la Kufuta Kikao cha Kusimama Kabla Hakijatuzoesha Vibaya

Ndugu Meneja,

Pokea heshima zangu, pamoja na pole ya majukumu. Mimi ni mkata vitambaa wako, mwaka wa ishirini na mbili sasa, na sijawahi kukuandikia ila ile barua ya kuomba feni. Leo naomba ufute utaratibu tulioletewa na yule mtaalamu wa semina, kwani unaharibu karakana yetu kwa kuifanya iende vizuri. Sababu zangu ni hizi:

1. Kila asubuhi tunasimama dakika kumi, kila mtu aseme jana alifanya nini, leo atafanya nini, na nini kimemkwamisha. Miaka yote hiyo kilichonikwamisha kilikuwa siri yangu.

2. Ukutani pamebandikwa vikaratasi: Haijaanza, Inafanyika, Imekwisha. Zamani mteja akiulizia suruali yake nilimwambia iko jikoni, akaondoka ameridhika. Sasa anajisomea mwenyewe.

3. Sare arobaini za wauguzi. Nakiri nilikata mikono mifupi kwa shibiri nzima. Kwa utaratibu wetu wa zamani tungegundua siku ya kukabidhi, tukasingizia kitambaa kimesinyaa. Safari hii, siku ya tatu tu, mshona vifungo, mama mtu mzima mwenye adabu zake, alisema kwa upole kikaoni: "Fundi, mikono haifiki."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililoniuma. Mpiga pasi akauliza tu mikono mifupi inaweza kutufaa nini. Mchana huohuo wakapeleka sare moja kwa mkuu wa wauguzi. Akaivaa, akainua mikono juu, akasema ile mirefu huwa inaloa kila wanaponawa, basi zote ziwe hivi. Tulimaliza siku mbili kabla ya wakati. Ukutani wakaandika "Wazo la timu." Ndugu Meneja, lile lilikuwa kosa langu, nimelifanya kwa mkono wangu, na sasa limegawanywa kwa watu sita.

4. Kila baada ya wiki mbili tunakaa kuambiana ukweli. Niliambiwa sifundishi mtu. Nikajibu kuwa ujuzi haugawiwi kama peremende. Wakaliandika kwenye kikaratasi, wakakibandika penye Haijaanza. Tangu hapo mshona vifungo anasimama mezani kwangu saa moja kila siku, na kola anazikata vizuri. Mwezi uliopita nililala na homa siku mbili, simu iko kifuani, nikingoja waniite. Haikuita. Nilirudi nimejiandaa kukuta vilio, nikakuta kazi imekwisha na kiti changu kimefutwa vumbi.

5. La tano sina, ila malalamiko manne yanaonekana machache.

Wahenga walisema penye wengi pana mengi. Hawakusema mengi hayo yatabandikwa ukutani.

Nakuachia uamuzi, nikiamini hekima yako. Nisalimie shemeji na watoto, karani wako, na mlinzi wa getini, ambaye nasikia naye ameanza kusimama kikao na mfagizi.

Wako mtiifu,
Fundi Mkata Vitambaa

Tanbihi: Kama unafuta, tafadhali subiri wiki ijayo iishe. Zamu ya kuongoza kikao ni yangu, shati nimeshapiga pasi, na nina mambo matatu ya kuwaambia. Pia vikaratasi vya njano vimekwisha. Tuletee paketi mbili.