Baharia wa Kenyatta Market

Leo sina uso. Nimeuacha Kenyatta Market, pale kwenye nyama choma.

Mnakumbuka nilivyowasumbua na safari yangu ya boti ya matanga. Kilifi hadi Mtwara, siku tano, bila kutia nanga! Mama yangu alilia. Akawaita wenzake wa kanisani, wakaamua kufunga kila siku hadi jioni mpaka nifike nchi kavu.

Ukweli ni kwamba nilitapika kabla hatujaiacha Kilifi. (Bahari ilikuwa imetulia. Msiniulize.) Rafiki yangu Swaleh, mwenye boti, akanirudisha ufukweni, yeye akaendelea na wenzake. Nikapanda basi, nikarudi mjini kwetu kimyakimya, nikajificha chumbani kwangu Ngara. Swaleh kila akipata mtandao ananitumia picha za mawimbi, nami nazirusha kwenye kundi la familia. Shujaa!

Leo, siku ya tatu, mkate mkavu ukanishinda. Nikaenda Kenyatta Market, nikaagiza mbavu kilo moja. Nikiwa nangoja, nikaandikia familia: "Upepo ni mkali. Tumebaki na biskuti tu. Niombeeni."

Simu ikalia kwenye saluni ya jirani. Kisha nikasikia sauti ya mama: "Woiye, kijana yangu anakula biskuti! Wamama, tuombe."

Nikachungulia. Wamama wanne, vichwa vimejaa rola, macho wamefumba. Nafasi ya kutoroka ndiyo hiyo! Nikanyata hatua mbili.

"Karanja!" mchomaji akapaza sauti. (Mimi ni mteja wake wa kila wiki.) "Mbavu yako imeiva! Nikukatie?"

Maombi yakakatika. Macho manane yote kwangu.

"Karanja," mama akasema polepole. "Si uko kwa bahari?"

"Mum... tumetia nanga kidogo."

"Hapa kwa kachumbari?"

Jamani! Siku tatu mama yangu anakaa njaa kwa ajili yangu, na mimi nimeshika kijiti cha meno. Nilingoja kofi. Badala yake akanikumbatia, akanipapasa mabega kuhakikisha niko mzima, halafu akawageukia wenzake.

"Amefika nchi kavu. Mfungo umeisha. Leteni hiyo nyama."

Wakaimaliza kilo nzima, rola kichwani, wakicheka hadi machozi. Mimi nilitumwa kuongeza ugali.

Tafadhali msicheke. Nimerudi Ngara, na ninachokula sasa hivi ni biskuti, kweli kabisa.