Alute na Besi ya Nyuzi Nne

Jumatano, 8 Juni 1994

Nimenunua. Imekwisha.

Gitaa la besi! Nyuzi nne, nene kama kamba za kufungia mbuzi. Rangi ya asali katikati, nyeusi pembeni, kama yale ya bendi za zamani. Mfanyabiashara wa mnadani, yule anayeleta vitu kutoka Arusha siku hizi biashara zilipofunguliwa, ameapa kwamba ni jipya kabisa, ila wameliunda kwa sura ya zamani. Eti Wazungu wanaopenda magitaa ya zamani hawayawezi bei, basi wanatengenezewa haya. Nikamwambia Mzungu wa namna hiyo ni mimi.

Kiinua mgongo chote kimekwenda. Miaka kumi na nne nimetunza funguo za ghala la ushirika, wakanipunguza kazini kwa barua ya mistari mitatu. Mke wangu Asnath alitaka tununue mashine ya mkono ya kukamua alizeti. Nilimwahidi kitu chenye faida kuliko hiyo. Sijamwambia ni nini. Kiko chini ya magunia.

Sababu yenyewe naiandika hapa tu. Simeoni amerudi Iguguno. Mgonjwa wa kifua. Simeoni yule yule, mpiga besi wa Alizeti Jazz, aliyenishusha jukwaani Singida mjini mwaka 1978 baada ya wimbo mmoja. Nusu wimbo! Akaniambia mbele ya watu nirudi kubeba spika. Nikazibeba miaka miwili zaidi, mgongo wangu ni shahidi. Sasa atanisikia. Atakiri kwamba alikosea.

Ila afanye haraka. Wanasema hali yake si nzuri.

Alhamisi, 9 Juni

Asnath ameiona. Katika magunia yote akainua lile la chini! Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Aliuliza tu kama hiki ndicho kinachokamua alizeti.

Nikamweleza kwa utulivu. Naunda bendi. Baada ya mavuno harusi ni nyingi kuanzia hapa mpaka Ihanja, na kila harusi inataka muziki. Akauliza bendi ina watu wangapi. Nikasema kwa sasa mmoja. Akachukua fimbo yake, akaenda uani kupura alizeti. Pu, pu, pu, mpaka jua likaelekea kuzama. Hakuniita kusaidia. Nami sikujitokeza, nilikuwa na kazi.

Tatizo moja. Besi haitoi sauti! Bila amplifaya ni kama kujikuna juu ya suruali. Nimefungua redio kaseti, nikaunganisha waya. Redio ikatoa sauti moja nene, tamu, kisha moshi. Ndiyo redio ambayo Asnath husikilizia matangazo ya vifo kila siku. Sasa hatujui nani amekufa.

Jumamosi, 11 Juni

Nimevuka barabara kwenda kumjulia hali Simeoni. Nilikuwa nimepanga nisimpe shikamoo. Nilipomwona ikanitoka yenyewe.

Amekwisha. Shati linaning'inia kama limetundikwa kwenye msumari. Mkewe, shemeji Selina, anamkalisha juani kwenye mkeka asubuhi na kumgeuzageuza kufuata jua. Lakini macho ni yale yale. Kabla sijakaa vizuri akaniuliza habari za besi. Iguguno haina siri. Akataka kujua shingo yake ni ndefu kiasi gani, mti wake mzito au mwepesi. Nikasema mzito. Akafumba macho kama mtu anayeonjeshwa asali.

Kisha akasema yake aliiuza Dodoma, ikaishia kwenye dawa. Akaniomba nimletee hii aishike. Hata saa moja.

Nilijua kitakachotokea. Angeishika, angepiga, Selina angesikia, na mimi ningekuwa mtu wa spika tena. Nikasema ningependa sana, ila umeme wa vyombo hivi haufai kwa mtu mwenye kifua.

Iguguno hakuna umeme.

Simeoni akanitazama kidogo. "Haya, Alute," akasema. Basi. Tukaongea habari za mvua.

Nimerudi nyumbani nikamwambia Asnath kwamba mgonjwa anaendelea vizuri.

Jumatatu, 13 Juni

Mpango mpya, na huu hauna dosari. Mazoezi nimefanya siku mbili ndani ya ghala dogo. Wimbo ni ule ule wa 1978. Kinachokosekana ni sauti, na sauti iko kanisani: amplifaya ya betri ya gari na spika ya honi, ile yenye mdomo mpana ambayo Mwinjilisti Yeremia huitumia kwa mikutano ya injili.

Nimemwendea. Nikasema Jumapili niliisikia inakwaruza. Kwamba mimi, niliyetunza vifaa vya ushirika miaka yote ile, siwezi kukaa kimya chombo cha Bwana kikiharibika. Nitakikagua bure. Mzee wa watu akafurahi, akaniombea mikono. Dua ndefu. Nilifumbua jicho moja nikaona amefumba yote mawili. Nikajisikia vibaya mpaka kwenye geti.

Vyote viko kwenye toroli. Kesho!

Jumanne, 14 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Saa nne asubuhi nilikuwa uani kwa Simeoni, betri tayari, honi juu ya kigoda. Watu walikusanyika, hata wanaokwenda kusaga wakatua ndoo zao. Nikamwambia Simeoni asikilize kwa makini. Akasema anasikiliza.

Nikapiga.

Honi ile imetengenezwa kwa ajili ya mahubiri. Besi haiijui. Ilitoka sauti ya mbuzi anayekabwa ndani ya debe. Kuku walikimbia. Nikadhani nikipiga kwa nguvu itapona. Nikapiga kwa nguvu na kwa kasi, mdomo wa honi ukatikisika, ukapasuka, pwaa, ikabaki inafoka kama sufuria la uji.

Simeoni alicheka. Lo, alicheka! Sijamsikia akicheka hivyo tangu tukiwa vijana kwenye lori la bendi. Watu wote wakacheka naye, na kwa kitambo kidogo hata mimi niliona raha.

Halafu kicheko kikageuka kikohozi. Hakikukoma. Selina akambeba kumwingiza ndani, peke yake, mikononi, bila kuyumba. Mwanamke mwembamba vile! Hapo ndipo nilipojua Simeoni amebaki na uzito gani. Watu wakachukua ndoo zao mmoja mmoja.

Honi nimeirudisha kanisani imefunikwa kitambaa.

Ijumaa, 17 Juni

Siku mbili sikutoka. Leo asubuhi Asnath aliweka uji mbele yangu, hakukaa.

"Baba Yasinta, mpelekee."

Nikauliza nimpelekee nini. Aliichukua besi mwenyewe kutoka ukutani, akaifuta vumbi kwa khanga yake, akanipakatisha.

Nimempelekea.

Simeoni alikuwa amelala mkekani, ameegemezwa gunia. Nikaanza kuomba radhi, ya umeme, ya honi. Akanyoosha mikono tu. Nikampa. Nikamwambia kwa huzuni kwamba haitasikika, amplifaya hakuna tena.

Akaniambia hahitaji. Akaipandisha besi kifuani, akainamisha kichwa, akaweka taya juu ya pembe ya mti. Akanieleza kwamba mfupa unasikia. Kwamba ndivyo alivyojifunzia Singida mjini, katika chumba cha kupanga, ili mwenye nyumba asimfukuze.

Kisha akapiga.

Vidole vyake ni vijiti. Lakini vilitembea! Taratibu, bila kukosea, bila kutazama. Jasho lilimtoka puani. Selina aliacha kupepeta mtama. Tulikaa pale kumtazama, na sisi hatukusikia kitu. Upepo tu, na mahali fulani ng'ombe. Muziki wote ulikuwa ndani ya kichwa chake.

Alipomaliza nikamwuliza ni wimbo gani. Akasema si wimbo. "Ni ile tuliyokuwa tukipiga lori lilipoharibika njia ya Kilimatinde, tukisubiri fundi, na wewe, Alute, ulilala juu ya spika." Nilikuwepo! Sikumbuki.

Akasinzia ameikumbatia.

Sasa naandika jambo hili kwa sababu nimeahidi kuandika kila kitu. Niliichomoa mikononi mwake. Polepole, kidole kwa kidole, asiamke. Nilisema moyoni kwamba mbuzi wa Selina wanazurura, wataikanyaga. Selina aliniona. Alirudi kwenye ungo wake.

Jumamosi, 18 Juni

Simeoni amefariki. Alfajiri.

Selina alikuja mwenyewe kutuambia, amejifunga khanga kiunoni, macho makavu. Asnath alimkumbatia mlangoni, wakalia kwa Kinyiramba, kilio chenye maneno. Mimi nilisimama nyuma yao nikitazama ukuta. Besi ilikuwa pale kwenye msumari wake, salama kabisa, mbuzi hawajaigusa.

Ningemwachia. Usiku mmoja tu! Ingenipunguzia nini?

Jumatatu, 20 Juni

Tumemzika. Watu wengi, wengine kutoka Singida mjini. Wa Alizeti Jazz hakuja hata mmoja. Labda hawakupata habari. Redio yangu ndiyo hiyo.

Nilimwendea Rahabu, mwalimu wa kwaya, nikamwomba nipige pamoja nao kaburini. Nilitegemea akatae. Akatazama waya uliokuwa ukining'inia bila kwenda popote. Akasema haidhuru, nisimame nyuma ya sauti za nne.

Nilipiga nyimbo zote tatu. Taya juu ya mti, kama alivyonionyesha. Kweli mfupa unasikia! Nilisikia makosa yangu yote, moja baada ya jingine, na hakuna mwingine aliyeyasikia. Wakati wa kushusha jeneza nilipoteza kabisa mahali nilipo, nikawa napiga uzi mmoja tu, ule mnene, tena na tena. Machozi yalikuwa yakishuka juu ya rangi ya asali, na mimi nayafuta kwa kiwiko ili mti usiharibike.

Mwinjilisti Yeremia aliongoza ibada bila spika. Sauti yake ilikatika mara mbili, wa nyuma hawakusikia neno. Hakunitazama. Ni mtu mwema.

Jumatano, 29 Juni

Selina amekuja. Asnath akampa kigoda, akamwekea maboga. Baada ya salamu Selina akasema ana ujumbe, na ulichelewa mdomoni kwa sababu ya msiba.

Ile Jumanne ya honi, jioni, kikohozi kilipotulia, Simeoni alizungumza habari zangu. Alimwambia Selina hivi, nami nayaandika kama alivyoyatamka: "Mwambie Alute mkono wake una nguvu. Tatizo anakimbia. Amsikilize mpiga ngoma kwanza, ndipo apige." Hata mwaka 1978 hakunishusha kwa chuki. Nilikuwa nimewaacha wenzangu nyuma, nimefika kwenye kiitikio peke yangu, na watu walikuwa wameanza kuzomea. Aliniondoa kabla chupa hazijarushwa.

Selina akaongeza kwamba kila alasiri, Asnath akipura alizeti, Simeoni alikuwa akigonga mkeka kwa kidole kufuata fimbo. Akisema Iguguno kuna mtu mmoja mwenye mapigo, naye ni mke wa Alute.

Asnath akajifunika uso. Nami nililia. Miaka kumi na sita nimembebea mtu kinyongo, na yeye alikuwa akinikinga na chupa.

Selina alipoondoka niliketi nikafikiri sana. Mkono una nguvu. Maneno ya Simeoni mwenyewe! Mkono una nguvu.

Amekiri.

Jumapili, 3 Julai

Siku kubwa. Kanisa limepata spika mpya, ya sanduku, si honi, mchango wa waumini waliohamia Dar es Salaam. Besi inasikika! Inatikisa vioo vya madirisha. Rahabu alikubali nipige wimbo mmoja, wa taratibu, wa kumkumbuka marehemu. Selina alikaa kiti cha mbele na nguo zake nyeusi. Kabla ya kuanza Asnath alinishika mkono wa koti akanikumbusha: ngoma kwanza.

Nilikumbuka. Nilisikiliza ngoma, nikaielewa mara moja, nikaona hakuna haja ya kuingoja.

Nilimaliza wimbo wanakwaya wakiwa bado ubeti wa tatu. Nikabaki nimesimama, nimeshika nyuzi zisilie, nikiwasubiri. Ulikuwa ubeti mrefu sana. Selina aliinama. Mabega yalitetemeka, na mpaka sasa sijui kama alilia au alicheka. Nje Rahabu aliniambia kwa upole kwamba niliwatangulia kidogo. Nikamjibu kwa upole huo huo kwamba kwaya yake inachelewa. Kuna uzembe katika sauti za pili. Nilimshauri awaharakishe.

Nilirudi peke yangu, Asnath alibaki na wanawake. Nikavuka barabara moja kwa moja kwenda kwa Simeoni, nimweleze kilichotokea, yeye ni mwanamuziki, angeona kosa la kwaya. Nikafika mpaka uani. Mkeka ulikuwa umekunjwa, umesimamishwa ukutani. Ndipo nikakumbuka.

Nikarudi.

Kesho naandika barua Kilimatinde. Nasikia kwaya ya kule inaimba kwa kasi.