Kisu Kisicho na Makazi

Tangazo lilikuja kwa gari lenye spika nne juu ya paa, moja tu ikifanya kazi.

"Wananchi mnatangaziwa! Serikali imetambua, imechambua na imeridhia kwamba mfuko ni mahali penye giza. Kuanzia sasa ni marufuku kwa mtu yeyote, bila kujali cheo, kubeba kisu cha kukunja kinachozurura mfukoni. Kila kisu kiwe na kibanio, kibanio kishike ukingo wa mfuko, na kionekane na ofisa aliye umbali wa kuridhisha. Kisu kisicho na kibanio kitahesabiwa kuwa hakina makazi, nacho kitachukuliwa na kupelekwa mahali salama. Uzinduzi wa Idara ya Usalama wa Mifuko utafanyika Jumamosi. Nyote mnakaribishwa. Kuhudhuria ni lazima."

Msidhani jambo hili lilizuka tu kama uyoga. Mkubwa mmoja, ambaye sasa ndiye Mkurugenzi wa Idara hiyo, akiwa ofisini mwake kwenye ubaridi wa mashine, alitia mkono mfukoni kutafuta leso ajipanguse jasho la kulitumikia taifa. Mfukoni mle mlikuwa na kisu chake mwenyewe, zawadi kutoka kwa watu waliokuwa na shida naye. Kisu kilikuwa kimejifungua chenyewe. Kidole kikachanika.

Mtu mwingine angefunga kitambaa akanyamaza. Lakini kidole cha mkubwa si kidole cha mtu mmoja. Kamati ikaundwa. Kamati ikasafiri kwenda kujionea mifuko ya wenzetu, ikarudi imevaa suti mpya zenye mifuko mingi, kwa ajili ya utafiti. Na maneno yale ya "bila kujali cheo" aliyatia Mkurugenzi kwa mkono wake mwenyewe, maana yalisikika vizuri.

Sasa, kulikuwa na fundi redio mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita Lawama. Jina alilifanyia kazi, hakupewa bure. Mvua ikinyesha, serikali. Isiponyesha, serikali. Shule alitoroka akiwa darasa la tatu, na mpaka leo anamlaumu waziri wa wakati ule kwa kuweka dirisha karibu na dawati lake. Mkewe alipofariki aliilaumu hospitali, akailaumu barabara ya kwenda hospitali, akamlaumu aliyeichora barabara. Alikuwa na bidii ya kulaumu kama wengine walivyo na bidii ya kusali, kwa kuwa alijua siku atakayokosa wa kumlaumu atabaki yeye na kitanda kipana.

Huyu Lawama alikuwa na kisu cha kukunja. Mpini wa mbao, umelika pale dole gumba linapokaa. Mkewe ndiye aliyemnunulia, zamani, baada ya mama yule kuchoka kumwona akimenya nyaya kwa meno.

"Meno hayo nayahitaji," alimwambia. "Ndiyo nitakayoyatazama uzeeni. Na ujifunze kwa hiki kisu. Kikimaliza kazi kinajifunga. Wewe mdomo wako hauna bawaba."

Kisu kilikaa mfuko wa kulia wa koti lake jeusi, bila kibanio, kikicheza humo kama mtoto kitandani. Mfuko ukatoboka. Mkewe akaushona kwa uzi mwekundu, maana mweusi ulikuwa umekwisha. Je, bwana huyu alishukuru? Alisema, "Uzi mwekundu kwenye koti jeusi! Nimekuwa redio iliyofunguliwa?" Hilo ndilo alilosema. Mke alikata uzi kwa jino akamrushia koti lake.

Sasa mama hayupo, na ule uzi ulikuwa ukiachia taratibu, tundu likirudi. Kisu kikapata mazoea ya kupita humo, kuteleza ndani ya bitana mpaka chini kwenye pindo. Lawama akajua namna ya kukitoa: hukibana kwa nje, kwenye pindo, akakisukuma juu kidogokidogo mpaka kichungulie tunduni. Mkono haukuingia kamwe. Mkono ungekata nyuzi zilizobaki.

Ng'ambo ya uchochoro alikaa shemeji yake, mdogo wa marehemu, fundi cherehani, mkasi mdogo ukining'inia shingoni.

"Shemeji, leta hilo koti nilizibe. Nina uzi mweusi tii."

"Acha. Uzi wa siku hizi mbovu. Serikali imeachia uzi mbovu uingie."

"Serikali ndiyo imekutoboa mfuko?"

"Nani mwingine?"

Shemeji alimtazama, akarudi kwenye cherehani yake. Hakuwa mjinga. Aliuona uzi uliobaki ni wa nani.

Tangazo lilipopita, Lawama alilaani gari, akalaani spika, kisha akavaa koti akaenda kwenye Idara kuwekewa kibanio. Alilaumu, ndiyo, lakini kisu alikitaka. Kikienda mahali salama hakirudi, hilo alilijua hata bila shule.

Dirishani palikuwa na karani mwenye tai na uso wa mtu aliyesomea.

"Nimekuja kuwekewa kibanio."

"Kisu kiko wapi?"

"Ninacho hapa."

"Kina kibanio?"

"Kingekuwa nacho ningekuja kufanya nini?"

Karani alivua miwani. "Mzee wangu, umeingiza kisu kisicho na kibanio ndani ya ofisi ya vibanio?"

"Ningekiacha nyumbani, mngekibana kwa simu?"

"Utaratibu uko wazi. Kisu kinaletwa kikiwa na kibanio, tunakikagua, ndipo kinaruhusiwa kuwekewa kibanio. Kaa kwenye kile kiti, nakuja kukichukua kisu chako."

Kiti kile kilikuwa na miguu mitatu mizima na mmoja wa kujitolea. Lawama alikaa kwa tako moja. Kando yake lilikuwepo boksi lisilo na mfuniko, limejaa visu vya watu hadi juu, na ubavuni limeandikwa MAHALI SALAMA. Mtu aliyekuja kuomba maji ya kunywa aliondoka na viwili.

Karani akatoka, akavaa glavu, akatumbukiza vidole viwili kwenye mfuko wa kulia. Akapapasa. Akapapasa tena.

"Mfukoni hamna kitu."

Hapo ndipo mtu mwenye akili husema asante mwanangu, akaondoka akikohoa. Kisu kilikuwa kimejiokoa chenyewe, kimeteremka pindoni. Lakini Lawama alikuwa Lawama. Kuambiwa na ofisi kwamba hana kitu alichokuwa nacho kulimwuma kuliko kunyang'anywa.

"Kimo!"

"Kimo wapi?"

"Kwenye bitana. Sikiliza." Akatikisa koti. Kisu kikagonga mguu wa kiti: ko!

Karani alisikia. Alifikiri. "Sheria inataja mfuko. Bitana haiko chini yetu."

"Iko chini ya nani?"

"Linafanyiwa kazi."

"Bwana, mimi nina kisu!"

"Mzee, mimi nimesomea mifuko. Nimekukagua kwa mikono yangu. Wewe huna kisu, na ukiendelea kusema unacho, utakuwa unaidharau Idara."

Jioni shemeji alicheka mpaka akashika meza. "Kwa hiyo walikataa kukunyang'anya, ukakaa kuwabembeleza?"

"Nilikuwa nawaeleza ukweli."

"Dada alisema. Bawaba hamna."

Jumamosi ikafika. Uwanja wa mbele ya Idara ulijaa watu, si kwa mapenzi, kwa lile neno lazima. Utepe ulikuwa umefungwa mlangoni. Maofisa wote walisimama safu, kila mmoja na kisu kipya mfukoni, vibanio vikimetameta juani, vikionekana kutoka umbali wa kuridhisha. Kabla ya hotuba waliamriwa wateremke wasalimiane na wananchi, kuonyesha ukaribu. Wakateremka. Wakasukumwa, wakakumbatiwa, wakapigwa mabega. Wananchi hawajawahi kuonyesha upendo wa namna ile.

Mkurugenzi alipanda jukwaani, kidole bado kimefungwa bandeji nyeupe, akafungua kinywa. Kipaza sauti, kilichounganishwa na zile spika nne za gari la tangazo, kikakoroma, kikafa.

"Fundi! Fundi redio yuko wapi?"

Lawama alipandishwa jukwaani amevaa koti lake. Aliukuta waya umekatika. Kutoa kisu mbele ya Idara nzima hakuthubutu, hivyo akaumenya kwa meno, huku akimwomba marehemu radhi kimoyomoyo. Akaunga, spika zote nne zikafufuka, akasimama na kipaza sauti mkono wa kushoto. "Moja, mbili," akasema, na uwanja mzima ukamsikia.

Mkurugenzi hakusubiri akabidhiwe. Wageni waheshimiwa walikuwa wanatazama saa. Aligeukia utepe, akapeleka mkono kwenye kibanio chake kwa madaha, kama alivyofanya mazoezi mbele ya kioo. Mkono ukashika ukingo wa mfuko. Akajipapasa kulia, akajipapasa kushoto.

"Nipe cha kwako," akamnong'oneza naibu. Naibu akajishika, akabadilika rangi. Akamgeukia wa pili, wa pili akamgeukia wa tatu. Safu nzima ikawa inajipapasa kama watu walioingiliwa na siafu.

Mwelewe kibaka. Kazi yake ni ngumu, siku zote hubahatisha: huu mfuko una kitu, au una karanga? Idara ilikuwa imemwondolea kubahatisha.

"Mkasi basi!"

"Mheshimiwa, mkasi tuliupiga marufuku kwenye shughuli hii, kuonyesha imani yetu kwa kisu."

"Nani ana kisu hapa?"

Hapo tena, mtu mwenye akili angekitazama kiatu chake.

"Mimi ninacho," akasema Lawama, na spika zikarudia.

"Hana, Mheshimiwa," karani wa dirishani akadakia. "Nilimkagua mwenyewe."

"Ninacho! Kimo humu chini, ila hakitolewi hivihivi, kinasukumwa kutoka—"

"Mzee, usinifundishe mfuko," akasema Mkurugenzi. "Mimi ndiye Mkurugenzi wa Mifuko."

Akautumbukiza mkono. Ukapita mfuko, ukapita tundu, ukazama kwenye bitana hadi kiwiko. Akakipata kisu chini kabisa, akakikamata kwa nguvu, akavuta. Ngumi haikupita. Akavuta tena, pete ikanasa. Lawama akasikia nyuzi zikilia, tiki, tiki, akauinamia ule mkono kama mtu aliyepigwa tumboni.

"Mheshimiwa, polepole! Mkono wako umo mfukoni mwangu."

Yalikuwa maneno ya unyenyekevu kabisa. Ila kipaza sauti bado alikuwa amekishika, na uwanja mzima uliyasikia. Kisha sauti moja kutoka nyuma: "Semaa, mzee! Tumekuwa tukiuhisi miaka yote!"

Kicheko kikalipuka. Mpiga picha akasogea karibu, maana alilipwa kupiga picha za mkono wa Mkurugenzi ukiwa kazini.

"Achia kisu, Mheshimiwa, ngumi itapita."

"Siachii. Wageni wananitazama."

Shemeji alikuwa ameshapenya hadi jukwaani, mkasi wake wa marufuku mkononi. "Tuchane mfuko, tumalize."

"Usiuguse!" Lawama alipiga kelele. Kisha kwa sauti ndogo, ambayo spika ziliikuza bila huruma: "Dada yako ndiye aliyeshona hapo. Zimebaki chache."

Kicheko kikapungua. Shemeji akaurudisha mkasi shingoni.

Ni wakati huo karani alipopanda ngazi, kalamu sikioni. Alikuwa mtu wa haki. Kanuni zote alikuwa amezihifadhi kichwani, na aliyemlazimisha azihifadhi alikuwa Mkurugenzi mwenyewe.

"Samahani, Mheshimiwa. Mkono ulio ndani ya mfuko ni sehemu ya mfuko, kifungu kile ulichokiweka kwa ajili ya kidole. Mkononi mwako mna kisu?"

"Mna— kwa nini?"

"Kina kibanio?"

Mkurugenzi akamtazama naibu wake.

"Kama mna kisu kisicho na kibanio, inabidi nikuchukue mpaka kwenye kile kiti. Bila kujali cheo."

"Basi sina kisu!"

"Sawa, nimelipokea." Karani akafikiri kwa uaminifu mkubwa. "Sasa, kama huna kisu, mkono wako unatafuta nini kwenye mfuko wa mzee wa watu?"

Jasho likamtoka Mkurugenzi, la kweli safari hii, na leso ilikuwa upande ule ambao mkono haukufika.

"Mzee," akanong'ona, "waambie. Waambie una kisu. Si umekuwa ukilisema?"

Watu wote wakamtazama Lawama. Alikuwa na kipaza sauti kizima, spika nne zilizofufuka, umati, na mkubwa wa serikali amenasa kwenye koti lake. Miaka yote aliyolaumu akisikilizwa na ukuta na paka tu, alikuwa akiiomba siku hii. Hospitali ilikuwepo kwenye ncha ya ulimi. Barabara ilikuwepo. Waziri wa dirisha alikuwepo.

Akamwona mkewe anakata uzi kwa jino.

Lawama akafunga mdomo. Alikizima kipaza sauti, akakiweka chini.

"Mzee?" karani akauliza. "Una kisu?"

Akatikisa kichwa.

"Nilisema mimi," akasema karani.

Ndani ya bitana kitu kikaanguka pindoni: ko. Mkono wa Mkurugenzi ukatoka mtupu, mweupe kwa kubanwa, na kwenye pete umezongwa na uzi mwekundu. "Mwizi!" mtu mmoja akaita, kwa utani. Wa pili hakuwa akitania. Karani alimshika Mkurugenzi kiwiko kwa heshima zote.

"Ngoja," akasema Lawama. Aliuzongoa ule uzi kwenye pete, taratibu, asiukate. "Huu ni wangu, Mheshimiwa."

Hilo ndilo pekee alilodai. Mkurugenzi akapelekwa ndani kwa kuinama chini ya utepe, akakalishwa kwenye kiti cha miguu mitatu na mmoja wa kujitolea, aambiwe utaratibu. Tulivyosikia, bado anasubiri: mkaguzi wa wakubwa ni Mkurugenzi, na Mkurugenzi hayupo ofisini.

Jioni Lawama alivuka uchochoro na koti begani. Aliuweka ule uzi mwekundu juu ya meza ya cherehani, umejikunja kama kitu kilicholala.

"Utatosha?" akauliza.

Shemeji akaunyoosha, akaupima kwa macho, akauloanisha ncha kwa ulimi. "Utatosha tukibana. Nilizibe lote?"

Lawama akalipapasa tundu kwa dole gumba.

"Hapana, shemeji. Acha tundu dogo. Kisu kipite, mkono usipite."